Sanamu za Kale za Mbao katika Ibada za Jadi za Wahindu

Sanamu za mbao za ibada ni michongo ya miungu na mizimu walinzi ambayo Wahindu nchini India wameiabudu kwa karne nyingi katika mahekalu, mahali pa matambiko na majumbani. Jiwe na shaba hudumu. Mbao huliwa na mchwa, hupasuka kwa jua na kuoza kwa unyevu wa majira ya mvua. Ndiyo maana michongo mingi ya kale inayoonekana leo haina umri wa zaidi ya karne mbili au tatu, ingawa desturi yenyewe ni kongwe kuliko hapo. Kila eneo lilijitafutia njia yake ya kukabiliana na uchakavu huo, na njia hizo ndizo zilizoamua sanamu ipi ibaki na ipi ipotee.

Kazi huanza msituni. Brihat Samhita, kitabu cha mnajimu Varahamihira cha karne ya 6, kina sura nzima kuhusu kuchagua mti wa kuchongea sanamu. Mti uliopigwa na radi, au ulioota mahali pa kuchomea maiti, haufai. Ukishapatikana unaofaa, hutolewa sadaka usiku, na viumbe wanaodhaniwa kukaa ndani yake huombwa radhi na kusihiwa wahame kabla shoka halijainuliwa.

Mfano mashuhuri kuliko yote uko Puri, jimbo la Odisha, katika hekalu la Jagannath lililojengwa karne ya 12. Miungu wake wakuu, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, huchongwa kwa mwarobaini, mti ule ule ambao majani na magome yake ni dawa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Umbo lao halifanani na la miungu ya Kihindu iliyozoeleka: kichwa kikubwa, macho makubwa yanayojaza uso, mikono iliyoishia njiani au isiyokuwepo kabisa, miguu hakuna. Jagannath hupakwa rangi nyeusi, Balabhadra nyeupe na Subhadra njano. Hekaya inasimulia kwamba mchongaji wa mbinguni alijifungia chumbani na kuagiza asisumbuliwe. Mfalme Indradyumna akashindwa kuvumilia, akafungua mlango kabla ya wakati, na kazi ikabaki ilipofikia. Wataalamu wengi wanaliona umbo hilo kuwa dalili ya asili ya Jagannath katika ibada za watu wa misituni. Desturi ya hekalu nayo inaelekea huko, kwa kuwa kundi la makuhani waitwao Daita huhesabiwa kuwa uzao wa Vishvavasu, chifu wa kabila la Wasavara.

Miili hiyo ya mbao hubadilishwa katika ibada ya Nabakalebara, inayofanyika mwezi wa Ashadha unapojirudia katika kalenda ya Kihindu, kwa kawaida baada ya miaka 8, 12 au 19. Ilifanyika mwaka 1977, kisha 1996, kisha 2015. Usiku wa manane, makuhani waliofungwa vitambaa machoni na mikononi huhamisha kitu cha siri kinachoaminiwa kuwa uhai wa mungu, kutoka sanamu ya zamani hadi mpya. Zile za zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu, na Daita hukaa matanga kama waliofiwa na ndugu.

Katika jimbo la Rajasthan hawaziki, wanapaka rangi upya. Katika sikukuu ya Gangaur, inayoanza siku moja baada ya sikukuu ya Holi na kuchukua siku 18, wanawake humheshimu Gauri, mke wa mungu Shiva. Walioolewa huwaombea waume zao heri, wasichana huomba waume wema. Sanamu za udongo hutoswa majini sikukuu inapokwisha, lakini za mbao huvishwa nguo na mapambo, hutembezwa kwa maandamano, kisha hurudishwa nyumbani kungoja mwaka ujao. Kijiji cha Bassi, wilaya ya Chittorgarh, kinajulikana kwa mafundi wake wa michongo hii. Sanamu moja inaweza kubeba tabaka juu ya tabaka la rangi za vizazi kadhaa.

Kusini-magharibi, katika eneo la Tulu Nadu lililo kati ya milima ya Ghats na bahari, wanaoabudiwa ni mizimu waitwao Bhuta: mashujaa waliokufa kwa dhuluma, walinzi wa mashamba, na wanyama kama Panjurli, mzimu wa nguruwe mwitu. Michongo yao, mingi ya mfenesi, mingine mikubwa kama mtu, hukaa katika mahali pa matambiko. Katika sherehe ya kola, mtu wa ukoo wenye kazi hiyo hupandisha mzimu, hucheza na kuamua mashauri ya wanakijiji, huku masimulizi ya mzimu huyo yakiimbwa kwa Kitulu. Sanamu za kale za Mekkekattu, karibu na Udupi, zilipochakaa zilichongwa nyingine badala yake, na baadhi ya zile za awali zikahamishiwa Makumbusho ya Kitaifa ya Ufundi, New Delhi, zinakotazamwa hadi leo.

Sanamu zilizotoka katika ibada kwa njia hii ndizo zilizolisha soko la vitu vya kale. Kuzitambua si rahisi. Rangi inayong'aa haimaanishi kwamba mchongo ni mpya, na matundu ya wadudu hayathibitishi ukale. Penye uzito zaidi ni tabaka za rangi, mikwaruzo iliyo mahali panaposhikwa, na kumbukumbu za sanamu ilikotoka. Sheria ya India ya mwaka 1972 inahesabu mchongo wa miaka 100 au zaidi kuwa mali ya kale, na mtu binafsi haruhusiwi kuusafirisha nje ya nchi.