Trakta imefika shambani: ni chuma gani kifungwe nyuma?

Trakta yenyewe haichimbi kitu, inavuta tu. Kinachogusa udongo ni kile chuma kilichofungwa nyuma yake, na hapo ndipo feza za mkulima zinaokolewa ao zinapotea. Mashariki mwa Kongo, wakulima wengi wanakodi trakta kwa hekta moja ao mbili, mara nyingi kwa kuchanga pamoja mu koperative. Wanauliza bei, wanauliza siku, lakini ni wachache wanaouliza: shofere atakuja na chombo gani? Kisha mwezi wa tisa unafika, mvua ya msimu A inanyesha, na shamba limejaa mabonge makubwa ambayo mbegu ya maharagi haiwezi kupenya.

Jambo la kwanza ni hili: kulima na kulainisha ni kazi mbili, zenye vyombo viwili. Ya kwanza inapasua na kugeuza udongo. Ya pili inavunja mabonge na kusawazisha. Mwenye trakta anayesema atamaliza yote kwa kupita mara moja, aulizwe vizuri.

Chombo cha kupasua ni sharu, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaita plau. Iko ya aina mbili. Ya ulimi ina chuma kilichopinda kama ubawa. Inageuza udongo vizuri sana na kufukia majani yote chini, lakini ikikutana na jiwe ao kisiki inakamatwa, na kitu kinavunjika. Ya sahani ina sahani za chuma, kwa kawaida tatu, zenye upana wa sentimita 60 na kitu, zinazozunguka zenyewe. Ikikuta kisiki inapanda juu yake na kushuka ngambo ya pili. Haifukii majani vizuri kama ile ingine, lakini kwa mashamba yetu, ambamo visiki vya miti vingali vimo na mawe hayaishi, ni sahani ndizo zinafaa mara nyingi zaidi. Zote mbili zinashuka sentimita 20 mpaka 25.

Mu Bonde la Ruzizi, upande wa Sange na Luvungi, kuna mahali udongo ni mfinyanzi mzito: ukilowa unashika chuma kama gundi, ukikauka unakuwa tofali. Hapo sharu ya sahani inakata mahali ambapo ya ulimi inateleza ao inabeba udongo wote juu yake. Karibu na Goma, kwenye mawe ya volkano, hakuna sharu yoyote ya kusifu. Pale jembe la mkono linabaki na kazi yake. Na Haut-Katanga, ambako kiangazi ni kirefu na mvua inarudi tu mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, kulima mu mwezi wa nane ni kupigana na simenti. Sharu isipokuwa nzito, itakwaruza tu juu juu.

Baada ya sharu inakuja erse ya sahani, yaani sahani nyingi ndogo zilizopangwa kwa mistari. Inashuka sentimita 10 ao 15 hivi. Kwa mahindi, kupita mara mbili kunatosha mara nyingi, mara ya pili kwa kukata njia ya kwanza. Kwa muhogo haina haja ya unga: mabonge madogo hayamsumbui, anachotaka ni udongo uliolegea mpaka chini, na matuta pale ambapo maji yanasimama. Mkulima wa muhogo anayelipa erse mara tatu ananunua uzuri wa macho.

Halafu kuna rotavata. Hii ndiyo inapendwa kuliko zote, na ndiyo inahitaji kuchungwa zaidi. Visu vyake vinazungushwa na nguvu ya injini yenyewe, kupitia mti wa chuma unaotoka nyuma ya trakta na kuzunguka mara 540 kwa dakika. Ikipita mara moja, shamba linakuwa laini kama kitanda. Kwa mboga, na kwa mpunga mu maji, ni chombo kizuri kweli. Lakini ina mambo matatu mabaya ambayo hayaonekani siku ya kwanza. Inashuka kidogo, sentimita 10 mpaka 15 kwa kawaida. Inasaga udongo mpaka unakuwa vumbi, na mvua kubwa ya kwanza inaufunga juu kama ngozi, hata mbegu inashindwa kutoka. Shamba likiwa na mteremko, vumbi lile linashuka na maji mpaka mtoni. Tena, kwa shamba lenye yale majani makali ya mizizi mirefu, imperata, rotavata inakata mizizi vipande vipande, na kila kipande kinaota upya. Mkulima alikuwa na adui mmoja, sasa ana mia. Kwa majani hayo, bora sharu ipite kiangazi, mizizi itupwe juu na jua liiue.

Kuna shida ingine inayojificha chini. Shamba likilimwa miaka mingi kwa kina kilekile, chini ya pale chuma kinapofika kunajengwa tabaka gumu kama sakafu. Mizizi ya mahindi inafika pale na kupinda pembeni. Maji nayo hayashuki, yanasimama juu. Kupima ni rahisi: mtu achukue chuma chembamba, asukume chini udongo ukiwa umelowa kiasi. Kikisimama ghafula kwenye sentimita 20 mahali pote shambani, sakafu iko. Dawa yake si sharu. Ni jino refu la chuma linalopasua mpaka sentimita 40 ao 50 bila kugeuza udongo. Jino hilo moja tu linaweza kumaliza nguvu za trakta ya farasi 70, na linafanya kazi udongo ukiwa mkavu tu. Ukiwa umelowa linakata mfereji kama kisu kwenye sabuni, na feza zimeenda bure.

Nguvu za trakta ndizo zinaamua mengine yote. Sharu ya sahani tatu inaomba farasi 60 mpaka 75. Rotavata ya upana wa mita moja na nusu, karibu 50. Trakta ndogo ikifungiwa chombo kikubwa, magurudumu ya mbele yanainuka, ya nyuma yanateleza, mazuti yanaisha, na shofere, ili amalize siku yake, anainua chombo kidogo kidogo. Kwa mbali shamba linaonekana jeusi na limelimwa. Ukitia fimbo, sentimita 12.

Ndiyo maana koperative yenye akili inapatana kina mbele ya kulipa, na mtu mmoja anatembea nyuma ya trakta na fimbo yenye alama. Asikaribie tu ule mti wa chuma unaozunguka: nguo ikikamatwa pale, hakuna anayewahi kuzima injini. Watoto wakae mbali kabisa.

Siku yenyewe pia inachaguliwa. Udongo unachukuliwa kwenye kina cha sentimita 15, unaviringishwa mkononi. Ukitoa kamba ndefu inayong'aa, trakta isubiri, hata kama shofere amekasirika, sababu uzito wake utakandamiza shamba kwa miaka. Ukivunjika vipande ukibonyezwa na kidole gumba, kazi ianze.

Kwenye milima ya Kabare, Walungu ao Lubero, swali linabadilika. Pale trakta ya magurudumu manne inaweza kupinduka, na shamba lililogeuzwa kwa kufuata mteremko linaondoka na mvua moja. Mahali ambapo mteremko si mkali, ilimwe kwa kukata mlima, kamwe si kutoka juu kwenda chini, na mistari ya majani ya kuzuia mmomonyoko isiguswe, hata kama shofere anasema inamzuia kugeuka.

Zamu ya mwisho ni ya makanika: sahani zikiwa zimelika, haziingii, hata trakta ikiwa mpya. Piesi hizo ziangaliwe ngali chombo kiko uwanjani kwa mwenyewe, si shambani.