Mkulima Mmoja Katika Theluji: Tafakari Kutoka Kijiji cha O Cebreiro



Juma hili tunawaalika mfuatane nasi kwa fikra hadi kijiji kidogo cha wakulima na wafugaji kaskazini magharibi mwa Hispania. Kijiji hicho huitwa O Cebreiro. Kiko juu ya mlima, yapata mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo msafiri atokaye León huingia katika nchi ya Galicia. Tulikifikia mwezi wa Novemba, msimu wa mahujaji ukiwa umekwisha. Ukungu ulikuwa umefunika mabonde yote, na milango mingi ilikuwa imefungwa. Kwa muda mrefu hatukusikia sauti nyingine isipokuwa upepo na kengele za ng'ombe ambao hatukuweza kuwaona.

Kilichotushangaza kwanza ni nyumba. Tulikuwa tumezoea kuiwazia Ulaya kuwa nchi ya majumba marefu na mapaa ya vigae, na hapa tukakuta misonge. Kuta zake ni za mawe, nene na fupi, zimejengwa kwa mviringo, na paa ni la mabua yaliyoshuka karibu na ardhi. Wenyeji huziita palloza. Ndani yake familia iliishi upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, ili joto la wanyama lisaidie watu wakati wa baridi. Bomba la moshi halikuwapo. Moshi wa jikoni ulipenya polepole kwenye mabua, ukikausha nyama zilizotundikwa juu. Watu waliendelea kuishi katika nyumba hizo hadi kufikia miaka ya 1960. Tulipoinama kuingia mlangoni, tuliikumbuka nyumba ya bibi yetu, tukatambua kwamba umaskini na akili ya kupambana nao vinafanana mahali pengi duniani.

Katikati ya kijiji lipo kanisa la mawe, la Bikira Maria, ambalo chimbuko lake huhesabiwa kuwa la karne ya 9. Ni fupi na zito, kana kwamba limejikunyata dhidi ya theluji. Katika karne ya 11 mfalme Alfonso VI aliwakabidhi mahali hapa wamonaki Wabenedikto kutoka Aurillac nchini Ufaransa, ili wawahudumie mahujaji waliokuwa wakienda kwa miguu hadi kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume, katika mji wa Santiago de Compostela. Kutoka hapa hadi Santiago zimebaki zaidi ya kilomita 150. Wengi walifika mlimani wakiwa wamechoka, wagonjwa, au wamepotea katika ukungu. Wamonaki waliwapa mkate, moto na mahali pa kulala.

Ndani ya kanisa hilo huhifadhiwa kalisi na patena za karne ya 12, pamoja na kumbukumbu ya tukio ambalo mapokeo huliweka karibu na mwaka 1300. Yasemwa kwamba siku moja ya dhoruba kali ya theluji, mmonaki mmoja alikuwa akiadhimisha Misa. Hakutarajia kwamba mtu yeyote angefika. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mkulima kutoka kijiji cha Barxamaior, kilichoko bondeni, amelowa na kutetemeka. Alikuwa amepanda mlima peke yake ili asiikose Misa. Padre yule, ambaye imani yake ilikuwa imepoa, alimdharau moyoni mwake. Aliwaza kwamba ni upumbavu mtu kujitesa namna ile kwa ajili ya mkate kidogo na divai. Wakati wa mageuzo, mkate ukaonekana kuwa mwili kweli, na divai ikawa damu ndani ya kalisi.

Tuseme wazi, kama Mama Kanisa anavyotufundisha, kwamba miujiza ya namna hii si sehemu ya hazina ya imani tunayolazimika kuisadiki. Imani yetu katika Ekaristi inasimama juu ya maneno ya Bwana mwenyewe katika karamu ya mwisho. Mtafiti wa historia naye atatukumbusha kwamba maandishi tuliyo nayo ni ya baadaye sana kuliko tukio lenyewe. Mwaka 1486 Mfalme Fernando na Malkia Isabel walipita hapa wakielekea Santiago, nao ndio waliotoa chombo cha kuhifadhia masalia hayo. Mwaka uliofuata, Papa Inosenti VIII aliutaja muujiza huo katika hati yake. Mwanzoni mwa karne ya 17 Antonio de Yepes, mwanahistoria wa Wabenedikto, aliuandika katika tarehe ya shirika lake. Huo ndio msingi wa karatasi. Mengine yamebebwa na vinywa vya wakulima, baba kwa mwana.

Lakini kuna jambo moja katika mapokeo hayo lililotugusa kuliko yote. Jina la mkulima limehifadhiwa: humwita Juan Santín. Jina la padre limesahaulika. Mtu aliyesoma, aliyejua Kilatini, aliyesimama altareni, hakuachiwa hata jina. Yule aliyekuja na matope miguuni ndiye anayetajwa hadi leo.

Ndugu wapendwa, tuliposimama mbele ya kalisi ile hatukuweza kumhukumu mmonaki yule, kwa sababu tunamfahamu. Nasi tumewahi kuwaza kama yeye. Kipo kigango chetu cha mlimani, mnakijua, ambako wakati wa masika pikipiki haipandi. Mara ya mwisho tulipokwenda huko, tuliwakuta watu sita: wazee wanne, mama mmoja na mtoto wake. Tulirudi tukinung'unika. Katika kikao cha halmashauri tulisema kwamba haifai kupoteza Jumapili nzima kwa ajili ya watu sita, tukapendekeza waambiwe wateremke parokiani. Hakuna aliyetupinga. Na mzee mmoja wa kigango hicho, aliyekuwapo kikaoni, aliitikia tu, "Sawa, Baba." Neno lile limetusumbua tangu siku hiyo.

Tuendelee na historia, kwa maana O Cebreiro chenyewe kiliwahi kuhesabiwa kuwa mahali pa watu wachache mno. Miaka ya 1830 serikali ya Hispania ilitaifisha mali za monasteri, na wamonaki wakaondoka baada ya karne nyingi za utumishi. Mahujaji nao walikuwa wamepungua. Wakati huo huo vijiji vya Galicia vilianza kupoteza watu. Vijana walipanda meli kwenda Kuba na Argentina, hata mji wa Buenos Aires ukajaa Wagalisia. Baadaye, katikati ya karne ya 20, wengine walikwenda kutafuta kazi Ujerumani na Uswisi, au katika miji mikubwa ya Hispania yenyewe. Mashamba ya mlimani, yenye viazi, nafaka za kuvumilia baridi na malisho ya ng'ombe, hayakuweza kuwashikilia. Vijijini walibaki wazee.

Mwaka 1959 alitumwa hapo padre kijana, Elías Valiña Sampedro, aliyezaliwa mwaka 1929 katika mkoa huo huo wa Lugo. Alikuwa msomi, na baadaye alipata shahada ya udaktari huko Salamanca kwa utafiti juu ya historia na sheria za njia ya Mtakatifu Yakobo. Angeweza kuuona uteuzi ule kama adhabu. Badala yake alikaa na wakulima wake hadi mwisho wa maisha yake, miaka 30. Alishughulikia ukarabati wa kanisa, nyumba ya wageni na zile nyumba za misonge, ili kijiji kisigeuke magofu.

Kisha akaigeukia njia yenyewe, ambayo katika sehemu nyingi ilikuwa imefunikwa na vichaka. Mwaka 1984 alipakia rangi ya manjano katika gari lake dogo, akaenda akichora mishale kwenye mawe, miti na kuta, tangu milima ya Pirenei, ili msafiri asipotee. Husimuliwa kwamba polisi walimkuta kando ya barabara na makopo yake ya rangi wakamwuliza anafanya nini. Akawajibu kwamba anaandaa uvamizi mkubwa kutoka Ufaransa.

Uvamizi huo ulitokea. Mwaka 1986 mahujaji waliopokea cheti cha hija huko Santiago hawakufika 3,000. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya liliitangaza njia hiyo kuwa Njia ya kwanza ya Kitamaduni ya Ulaya, na mwaka 1993 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2024 waliopokea cheti walikaribia 500,000. Padre Valiña hakuyaona hayo yote, kwani aliaga dunia mwezi Desemba 1989. Sanamu ya kichwa chake imewekwa nje ya kanisa lake.

Hapa lipo jaribu la kusema kwamba alifanya vizuri kwa sababu watu nusu milioni walikuja. Sisi hatudhani hivyo. Alifanya vizuri tangu mwaka 1959, alipopanda mlima kwa ajili ya wakulima wachache ambao dunia ilikuwa imewaacha. Hata mshale mmoja tu ungekuwa na maana, kama ungemwokoa mtu mmoja asipotee katika ukungu. Mchungaji wa Injili aliwaacha kondoo 99 kabla hajajua kama atampata yule mmoja.

Tulipotoka kanisani giza lilikuwa limeanza kuingia. Mzee mmoja alipita na ng'ombe wake, akatuinulia mkono, akaendelea na safari. Tulimtazama hadi ukungu ulipommeza. Hatukujua kama hushiriki Misa, wala hatukumwuliza. Tulijiuliza tu: je, kama angekuja usiku huo, peke yake, angemkuta padre wa namna gani?

Wapendwa, pendekezo letu juu ya kigango cha mlimani tumeliondoa, na tumemwomba radhi yule mzee. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutapanda huko, mvua inyeshe isinyeshe. Misa za parokiani siku hiyo zitakuwa moja badala ya mbili, nasi tunawaomba mtuvumilie. Atakayependa kutusindikiza awe mlangoni pa kanisa saa kumi na moja alfajiri, na avae viatu vya matope.

Tuombeane. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.