Kutafuta Uvujaji wa Mvuke wa Petroli katika Magari Makuukuu: Historia ya Vipimo Vyake, 1970–2007

1.0 Utangulizi

Historia ya uchafuzi wa hewa unaosababishwa na magari imeandikwa kwa kiasi kikubwa kupitia ekzosi. Jambo hili linaeleweka, kwa kuwa moshi wa ekzosi huonekana, hunuka, na hutoka mahali pamoja ambapo mpimaji anaweza kuingiza kifaa chake. Mvuke wa petroli hauna sifa hizo zote. Haushikiki machoni, hutoka katika maungio mengi madogo, na gari huendelea kuutoa hata likiwa limeegeshwa na injini imezimwa. Hata hivyo, makadirio yaliyozoeleka kuhusu magari ya Marekani ya kabla ya udhibiti yanaonesha kwamba takriban asilimia 60 ya haidrokaboni zilitoka katika ekzosi, takriban asilimia 20 katika krenkkesi ya injini, na kiasi kinachokaribia hicho katika tangi la mafuta na kabureta kwa njia ya uvukizi pekee.

Insha hii inahusu fungu hilo la mwisho. Hoja yake ni kwamba namna uvujaji wa mvuke ulivyotafutwa na kurekebishwa haikuamuliwa kwanza na ujuzi wa mafundi, bali na kipimo ambacho serikali ilikubali kukitambua kwa wakati husika. Kila kipimo kipya kilielekezwa kwa gari jipya, na kila mara gari kuukuu likabaki mikononi mwa fundi na pua yake. Kwa msingi huo, mwaka 1996, ambao mara nyingi huchukuliwa kuwa mwanzo wa uchunguzi wa uvujaji kwa sababu ndipo kompyuta ya gari ilipoanza kutoa taarifa, si mwanzo hata kidogo. Unaangukia katikati ya simulizi ndefu zaidi.

2.0 Los Angeles na ushahidi wa mpira

Chimbuko la suala hili ni ukungu wa moshi uliolifunika jiji la Los Angeles kuanzia mwaka 1943. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya California, alikuwa akichunguza kemia ya ladha ya nanasi kabla ya kuombwa aichunguze hewa ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alibainisha kwamba ukungu ule haukuwa moshi wa makaa kama ule wa London. Ulikuwa zao la haidrokaboni na oksidi za nitrojeni zikikutana chini ya jua na kuunda ozoni. Athari ya ugunduzi huo kwa mada yetu ni kubwa: petroli isiyoungua kabisa, iliyopotea tu kutoka katika tangi, nayo ilihesabiwa kuwa chanzo cha uchafuzi.

Kuna jambo moja katika kazi ya Haagen-Smit ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mojawapo ya njia alizotumia kupima ozoni ilikuwa kukunja vipande vya mpira, kuvianika hewani, na kuangalia kasi na kina cha nyufa zilizojitokeza. Mpira ulikuwa kipimo. Lakini mpira ndio pia uliounganisha tangi, kabureta na mabomba ya magari yaleyale. Mpira wa naitrili, ambao huhimili petroli vizuri, ni dhaifu mbele ya ozoni, na ndiyo sababu bomba bora la mafuta hutengenezwa kwa tabaka zaidi ya moja, la ndani la kuhimili petroli na la nje la kuhimili hewa. Mvuke uliovuja ulichangia kuunda gesi iliyopasua mabomba yaliyopaswa kuuzuia. Fundi anayepinda bomba la gari la miaka 30 kwa vidole vyake ili aone kama litaonesha nyufa anarudia, bila kujua, jaribio la maabara ya Los Angeles.

3.0 Mkebe wa mkaa

Jimbo la California lilidai udhibiti wa uvukizi kwa magari ya modeli ya mwaka 1970, na mwaka uliofuata sharti hilo likaenea Marekani nzima. Baadhi ya mifumo ya awali ilihifadhi mvuke ndani ya krenkkesi yenyewe, lakini suluhisho lililodumu lilikuwa mkebe uliojaa mkaa amilifu. Mkaa huu si jambo jipya. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia ulitumika katika barakoa za kujikinga na gesi, na vifuu vya nazi vilikuwa miongoni mwa malighafi zilizotafutwa sana kwa kazi hiyo. Uwezo wake unatokana na vinyweleo vyake: gramu moja ina eneo la ndani la mamia ya mita za mraba, na molekuli za petroli hunata humo.

Utendaji wa mfumo ni rahisi kuueleza. Gari likiwa limesimama, mvuke wa tangi, na katika magari mengi ule wa bakuli la kabureta, huelekezwa kwenye mkebe. Injini ikiwaka, nguvu ya mnyonyo wa manifoldi huvuta hewa safi kupitia mkaa, nayo hewa hiyo huuchukua mvuke hadi kwenye injini ukaungue. Volkswagen Beetle zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1970 zilifuata njia yake: kwa kuwa injini yake hupozwa kwa feni, hewa ya feni ndiyo iliyosukumwa kupitia mkebe hadi kwenye kichujio cha hewa.

Mabadiliko yaliyokuwa na matokeo makubwa zaidi kwa mafundi, hata hivyo, ni yale ya kifuniko cha tangi. Hapo awali vifuniko vingi vilikuwa na tundu la kupumulia. Baada ya 1970 kifuniko kikawa sehemu ya mfumo uliozibwa, chenye vali inayofunguka pale tu shinikizo au mnyonyo unapozidi kiwango. Vifuniko hivyo viwili vinaweza kufanana kwa sura na kuingia katika shingo ileile ya tangi. Ukiweka cha zamani kwenye gari jipya, mfumo mzima wa mkebe unakuwa bure. Ukiweka cha kuziba kwenye tangi la zamani lisilo na njia nyingine ya hewa, pampu huendelea kuvuta mafuta huku mnyonyo ukijengeka, hadi injini inakosa mafuta na kuzimika barabarani. Kasoro hii ya pili ililetwa gereji kama kasoro ya pampu au kabureta, na ikarekebishwa kwa kubadilisha vitu visivyokuwa na tatizo.

4.0 Mtego na banda

Je, serikali ilijuaje kwamba mfumo unafanya kazi? Njia ya kwanza iliitwa mtego wa mkaa. Chombo chenye mkaa kiliunganishwa kwenye kila tundu lililojulikana kuwa linatoa mvuke, kisha kikapimwa uzito kabla na baada ya jaribio. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa gramu 6 kwa jaribio kwa modeli za 1971, na kikashushwa hadi gramu 2 mwaka uliofuata. Kimaandishi, tatizo lilikuwa limekwisha.

Udhaifu wa mtego uko katika maneno yake yenyewe: tundu lililojulikana. Uvujaji ni mvuke unaotoka mahali ambapo haukutarajiwa. Kwa hiyo kipimo kilipima kila kitu isipokuwa kile kilichotafutwa. Kuanzia modeli za 1978 kilibadilishwa kwa njia ya kuliingiza gari zima katika chumba kilichozibwa na kupima haidrokaboni zilizojikusanya hewani. Kifupisho cha jina la chumba hicho ni SHED, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya banda, na pengine ni kifupisho chenye ukweli zaidi katika urasimu wote wa magari. Kiwango kilirudishwa kuwa gramu 6, kisha kikashushwa tena hadi gramu 2 kwa modeli za 1981. Msomaji anayeangalia tarakimu pekee ataona kwamba mwaka 1978 sheria ililegezwa kutoka gramu 2 hadi 6. Kinyume chake ndicho sahihi, kwa sababu gramu 6 za banda lote zilikuwa sharti gumu kuliko gramu 2 za mtego. Hapa ndipo historia inayoandikwa kwa majedwali ya viwango bila kuuliza namna ya kupima inapopotoka.

Banda nalo lilikuwa na mipaka. Katika sehemu ya jaribio iliyoiga mchana mmoja, mafuta ya tangi yalipashwa kutoka takriban nyuzi 16 hadi 29 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Huo ni mchana wa wastani wa California. Marekebisho ya sheria ya hewa ya mwaka 1990 yaliyazaa majaribio mapya, yaliyoanza kutumika hatua kwa hatua kwa modeli za 1996 hadi 1999, yenye mizunguko ya siku kadhaa kati ya takriban nyuzi 22 na 36. Ni majaribio haya ya pili, wala si yale ya 1978, yanayokaribiana na joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari.

5.0 Gereji kabla ya kompyuta

Gari lililopita katika banda mwaka 1980 halikurudi tena humo. Lilipofika gereji mwaka 1992 likiwa na harufu ya petroli, fundi alikuwa na pua, macho na tochi. Zana iliyomsaidia zaidi haikuundwa kwa kazi hiyo: mashine ya kupima gesi za ekzosi, iliyoenea katika gereji za Marekani kutokana na ukaguzi wa lazima wa magari. Fundi alichukua mrija wake, akaupitisha polepole juu ya maungio, shingo ya tangi na mkebe, na kuangalia tarakimu ya haidrokaboni ikipanda. Kwa maoni ya mwandishi, huu ni ubunifu unaostahili nafasi kubwa zaidi katika maandishi kuliko uliopewa.

Njia nyingine ilikuwa maji ya sabuni na hewa. Hapa hatari ilikuwa kubwa. Mfumo wa mvuke hufanya kazi kwa shinikizo dogo mno, chini ya sehemu ya kumi ya shinikizo la angahewa, ilhali kompresa ya gereji hutoa mara nyingi ya hapo. Tangi lililojazwa kwa kompresa linaweza kutanuka au kupasuka, na oksijeni ya hewa ikiongezwa kwenye mvuke hutengeneza mchanganyiko unaosubiri cheche. Matumizi ya gesi ya nitrojeni yalilitatua tatizo hilo. Mashine ya moshi, ambayo hupasha mafuta mepesi na kusukuma moshi wake mweupe ndani ya mfumo kwa shinikizo dogo, iliongeza jambo ambalo mtego, banda na pua havikuwa nalo: ilionesha mahali. Banda lilisema gari linavuja. Moshi ulisema linavuja kwenye bomba la juu ya tangi, upande wa kulia.

Marekebisho yenyewe hayakuhitaji mengi. Bomba lililopasuka lilipaswa kubadilishwa kwa bomba la mafuta, si lile la mnyonyo ambalo hulainika likikutana na petroli. Mkebe ulioloa kwa sababu dereva alizoea kujaza tangi hadi shingoni haukuwa na tiba ila kubadilishwa. Mkebe uliopasuka ndani ulikuwa kero zaidi, kwa kuwa chembe za mkaa husafiri hadi kwenye vali ya kusafishia na kuizuia isifunge, na hapo gari huwa gumu kuwaka baada ya kujaza mafuta. Anayebadilisha vali bila kubadilisha mkebe atarudi kwenye kazi hiyohiyo.

6.0 Kompyuta na waliosahauliwa

Kuanzia modeli za 1996 mfumo wa pili wa kujichunguza ukawa lazima Marekani, na magari ya miaka hiyo yakaanza kujipima yenyewe kwa tundu la kipenyo cha milimita 1. Kuanzia modeli za 2000 kiwango cha nusu milimita kikafuata kwa awamu. Msamiati wa fundi ukabadilika. Badala ya harufu, akawa na alama: P0442 kwa uvujaji mdogo, P0455 kwa mkubwa, P0456 kwa mdogo sana. Taa ya cheki injini iliyowaka kwa sababu ya kifuniko kilicholegea ikawa miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa.

Kizazi cha kati, yaani magari yenye mkebe lakini yasiyo na kompyuta ya kujipima, hakikugushwa na hatua hiyo. California ililikubali pengo hilo kwa vitendo tarehe 1 Desemba 2007, ilipoongeza katika ukaguzi wake wa magari jaribio la shinikizo dogo kwa modeli za 1976 hadi 1995. Huko California, kati ya mkebe wa kwanza na jaribio hilo la lazima la kupima iwapo mfumo wa gari kuukuu unavuja ilipita miaka 37. Magari ya kabla ya 1976 yaliachwa nje ya ukaguzi huo kabisa.

7.0 Magari ya mitumba na Afrika Mashariki

Kanuni ya Marekani ya tundu la milimita haikuwa ya dunia nzima. Mfumo wa Ulaya, uliokuwa wa lazima kwa magari ya petroli kuanzia 2001, haukudai gari litafute uvujaji. Ulitaka tu waya wa vali ya kusafishia uchunguzwe kama umekatika. Kwa hiyo magari mawili ya umri mmoja, yenye mkebe wa aina moja, yanaweza kutofautiana kabisa katika kumwambia fundi hali yake. Kenya huzuia magari ya mitumba yenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada magari yenye umri mkubwa. Kanuni zote mbili huhesabu miaka, na mpira wa bomba la tangi huzeeka kwa joto, ozoni na petroli zaidi kuliko kwa kalenda.

Katika mazingira hayo, desturi ya kuutoa mkebe na kuziba mabomba yake kwa skrubu haiwezi kuelezwa kwa kutojua pekee. Mkebe mpya ni ghali, taa haiwaki, na hakuna anayeuliza. Lakini fundi aliyeziba njia ya tangi amelirudisha gari kwenye tatizo la kifuniko lililoelezwa hapo juu, na aliyeiacha wazi chini ya boneti ameelekeza mvuke karibu na ekzosi yenye joto. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo linaloweza kuteketeza gari.