Dhamana: Wema Uliogeuzwa Biashara



Dhamana ni jambo tulilolizoea. Jirani akishitakiwa, hutafutwa mtu mwenye jina jema akasimame mbele ya hakimu na kuahidi kwamba siku ya kesi mshitakiwa atafika. Je, umepata kujiuliza itakuwaje wema huu ukifanywa duka? Historia ya Marekani inalo jibu.

Asili yake ni Uingereza. Zamani majaji wa mfalme walizunguka mji kwa mji, na mshitakiwa aliweza kungoja miezi mingi. Kwa hiyo alikabidhiwa kwa jamaa na rafiki zake. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 ilibainisha makosa yenye dhamana na yasiyokuwa nayo; na mwaka 1689 ikakatazwa kutoza dhamana ya kupindukia. Wadhamini hao hawakulipwa. Lakini kwa kuwa wao ndio watakaopata hasara mtu akitoroka, sheria iliwapa uwezo wa kumkamata na kumrudisha.

Marekani ni nchi pana, na wengi waliohamia huko hawakuwa na ukoo wa kuwasimamia. Mwishoni mwa karne ya 19, mjini San Francisco, ndugu wawili wa ukoo wa McDonough, wenye kilabu cha pombe, walianza kuuza dhamana. Biashara hiyo ikaenea.

Mapatano yake ni haya. Hakimu akitaka dola 10,000, mshitakiwa humlipa mwuza dhamana kwa kawaida sehemu moja ya kumi, yaani dola 1,000. Fedha hizo hazirudi, hata akionekana hana hatia. Mara nyingi jamaa zake hutia sahihi na kuweka nyumba rehani. Akitoroka, mahakama humdai mwuza dhamana, naye huwageukia jamaa.

Ama uwezo wa wadhamini, ulielezwa katika kesi ya Taylor na Taintor, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1872. Mshitakiwa mmoja wa jimbo la Connecticut alidhaminiwa kwa dola 8,000, akaenda New York. Huko alikamatwa, akapelekwa Maine kwa shitaka jingine, akafungwa. Wadhamini wakasema, tutamletaje mtu aliyeshikwa na serikali? Mahakama haikuwasikiliza, walilipa. Lakini ndani ya hukumu hiyo majaji walieleza kwamba mdhaminiwa yumo mikononi mwa mdhamini wake kana kwamba kifungo chake kinaendelea: mdhamini aweza kumkamata wakati wowote, kumfuata katika jimbo jingine, na hata kuvunja mlango wa nyumba yake, pasipo hati mpya ya mahakama.

Tafakari, msomaji. Uwezo uliofaa baba aliyemsimamia mwanawe umeingia mikononi mwa mtu anayetafuta faida, naye huajiri wasakaji kwa ujira. Majimbo mengi yamekwisha uwekea mipaka. Illinois iliondoa biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 1963, na Kentucky ikaifanya kosa la jinai mwaka 1976. Mwaka huo huo Uingereza ilifanya kuwa kosa kupatana na mdhamini kwamba hasara yake italipwa na mwingine. Kwani asiyekuwa na la kupoteza hana sababu ya kuchunga.

Wanavyuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Katika mlango wa kafala wengi wao walikataza mdhamini kuchukua ujira kwa dhamana yenyewe, kwa kuwa hiyo ni hisani. Na akilipa deni kisha akarudishiwa pamoja na ziada, amekaribia riba. Tena tazama Surat Yusuf, aya ya 66. Nabii Yaakub hakumtoa mwanawe mdogo mpaka nduguze wampe ahadi ya Mwenyezi Mungu kwamba watamrudisha, isipokuwa wakizungukwa na jambo wasiloliweza. Mzee huyo aliacha nafasi ya udhuru, ambayo wadhamini wa Connecticut hawakuipata.

Basi ukiombwa dhamana, mjue unayemdhamini, isome hati kabla ya kutia sahihi, na usiweke rehani paa la watoto wako kwa haya. Na ukikubali, kubali kwa ajili ya Mungu. Mwenye shida aliyefika mlangoni kwako amekuja kutafuta ndugu, usimfanye mteja.