Tegu wa nguruwe

Tegu wa nguruwe (Taenia solium) ni mnyoo bapa wa utumbo wa binadamu, mwenye urefu wa mita 2 hadi 7. Huambukizwa kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye viluwiluwi, yaani vifuko vyeupe vya majimaji vinavyokaribia ukubwa wa njegere. Tanzania, hasa nyanda za juu kusini na Mbulu, vifuko hivyo hutafutwa kwa kuvuta ulimi wa nguruwe hai na kuupapasa chini. Ulimi safi si uthibitisho: maambukizi mepesi hupita bila kuonekana.

Madhara mabaya zaidi hayatoki kwenye nyama. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yakimezwa kupitia mikono michafu, maji au kachumbari, viluwiluwi huweza kujijenga ubongoni na kuleta kifafa. Hivyo hata asiyegusa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huweza kuugua. Mwaka 1992 waliripotiwa wagonjwa wa namna hiyo New York, Wayahudi wasiokula nguruwe kabisa.

Joto huua viluwiluwi: nyama ya vipande ifike nyuzi 63 za Selsiasi katikati na kutulia dakika 3, ya kusaga, nyuzi 71. Mshikaki uliobabuka nje huku ndani ungali mbichi haujaiva.