Kutengeneza paneli ndogo ya sola nyumbani: kinachohitajika, inachotoa na mahali inapogoma

Kwa msikilizaji wa Nkwenda, Murongo au Nyaishozi ambaye nguzo za umeme zimepita mbali na kibanja chake, gharama ya simu ni ya kila wiki. Tuseme banda la kuchaji linatoza shilingi 300, nawe unapeleka simu mara 3 kwa wiki. Kwa mwaka mzima ni shilingi 46,800. Hapo hujahesabu mwendo wa kwenda na kurudi, wala zile saa ambazo simu imelala bandani na mnunuzi wa ndizi anakupigia hakupati. Kwa hiyo swali linarudi mara kwa mara: je, mtu anaweza kujiundia paneli yake mwenyewe?

Anaweza, mradi awe na subira, apate vipande vizuri na asitarajie makubwa. Makala hii inaeleza paneli ya kuchaji simu moja na kuwasha redio. Ya kuendesha televisheni au friji ni habari nyingine, na tutaona kwa nini hiyo ni bora kuinunua.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kutengeneza". Kinachogeuza mwanga kuwa umeme ni seli, yaani kile kipande chembamba cha rangi ya bluu au nyeusi kinachoonekana nyuma ya kioo. Seli hutengenezwa kiwandani kwa silikoni iliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana. Ya kwanza yenye manufaa ilitangazwa na wataalamu wa maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1954, na hadi leo hakuna anayeipika jikoni. Wewe unanunua seli, unaziunganisha na kuzifunika. Zile video zinazozunguka kwenye simu, za mtu anayezungushia waya kwenye CD kuukuu kisha taa ikawaka, ni utapeli. CD haitoi umeme wa jua. Kipande cha shaba kilichochomwa motoni na kutiwa maji ya chumvi kinatoa umeme kweli, ila mdogo kiasi kwamba ni mita tu inayouona.

Sola si ngeni katika nchi hii ya Karagwe. Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe (ilijitenga mwaka 2012) pale shirika la KARADEA lilipoanzisha kituo cha kufundisha mafundi wa sola mwaka 1993. Mmoja wa waliofundisha hapo ni Mmarekani Harold Burris. Kabla ya kuja huku, mwaka 1984, yeye na mwenzake Mark Hankins walikuwa wamefunga umeme wa jua katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru nchini Kenya, na kazi ile ikawafungulia njia mafundi wengi. Kule Kibera, Nairobi, vijana wa Kibera Community Youth Programme walikwenda hatua moja mbele: wakaunganisha wenyewe paneli ndogo za kuendesha redio na kuchaji simu. Paneli tunayoieleza hapa ni ya ukoo huohuo.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Seli moja ya silikoni, iwe kubwa kama kitabu au ndogo kama kiberiti, hutoa takribani nusu volti inapofanya kazi. Ukubwa hauongezi volti, unaongeza ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Ili kupata volti za kutosha unapanga seli kwa mstari, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, kama betri za tochi. Kwa sababu hiyo paneli ya kuchaji betri ya volti 12 huwa na seli 36: inatoa volti 18 hivi, na ziada hiyo inahitajika kwa kuwa joto hupunguza volti.

Kwa simu, seli 18 zinatosha. Chukua zile za milimita 52 kwa 52, ambazo huuzwa kwa pakiti. Kila moja hutoa volti 0.5 na karibu ampea 0.9 kwenye jua kali. Zote 18 zinakupa volti 9, na 9 mara 0.9 ni wati 8. Ukishaziweka nyuma ya kioo, zikapata joto, hesabu wati 6.

Huku kwetu tuhesabu kama saa 4 na nusu za jua kamili kwa siku. Siku ni ndefu kuliko hapo, lakini jua la asubuhi lenye ukungu na la jioni ni dhaifu. Wati 6 kwa saa 4 na nusu ni wati-saa 27. Toa kinachopotea njiani, zibaki 20. Betri ya kitochi yenye mAh 1,000 inataka wati-saa 4 tu. Simu janja ya mAh 5,000 inataka karibu 19. Kwa hiyo siku ya jua inajaza vitochi vinne au simu janja moja. Wakati wa masika, siku ya mawingu mazito, usishangae ukipata robo ya hapo.

Vifaa

Seli 18, lakini nunua 22, kwa sababu zitavunjika. Unene wake ni sehemu ya tano ya milimita, na zinapasuka kama ganda la yai. Utahitaji utepe wa shaba uliopakwa risasi, dawa ya kushikishia risasi, risasi yenyewe na pasi ya fundi redio. Kioo cha dirisha cha milimita 4, kikatwe sentimita 21 kwa 38. Plaiwudi ya kipimo hichohicho, iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote mbili. Vipande vya mbao vyenye unene wa sentimita 1 vya kuzunguka ukingo. Silikoni ya bomba, ile ya kuzibia vioo. Waya wa 1.5 wa kufungia umeme wa nyumba. Mwisho, kifaa kidogo cha kushusha volti chenye tundu la USB, kinachopokea kuanzia volti 6 hadi 24 na kutoa 5. Hiki usikiache. Paneli ikiwa haina mzigo inapanda hadi volti 10 na zaidi, na simu ikipewa hizo moja kwa moja itaungua.

Mita ni lazima. Kama huna, azima kwa fundi.

Kuunganisha

Pima kila seli juani kabla ya kuigusa na pasi. Inayosoma chini ya volti 0.5 iweke kando. Uso wa bluu ni hasi na mgongo ni chanya. Lehemu utepe kwenye mistari ya usoni kwa seli zote kwanza, ukiacha mkia wa kutosha kufika mgongoni mwa seli inayofuata. Pasi isikae zaidi ya sekunde mbili au tatu mahali pamoja, na usikandamize. Atakayekandamiza atapasua.

Kisha zilaze kifudifudi kwenye ubao ulionyooka, safu tatu za seli sita, ukiacha milimita 3 kati ya seli na seli. Mkia wa ya kwanza uulehemu mgongoni mwa ya pili, wa pili mgongoni mwa ya tatu, hadi mwisho wa safu. Safu zinaungana kwa kuzunguka kama nyoka. Mwishoni zinabaki ncha mbili tu, moja chanya na moja hasi.

Kabla ya kugundisha, pima yote. Paneli isiyo na mzigo kwenye jua la saa sita isome karibu volti 10 na nusu. Ikisoma 9 na kidogo, yaani imepungua kwa volti 1 hivi, kuna seli moja umeigeuza, nayo inavuta upande wake. Ikisoma sifuri, kuna kiungo hakijashika. Halafu weka mita kwenye ampea (tundu la ampea 10) na uguse ncha zote mbili. Inapaswa kukaribia 0.9. Volti nzuri na ampea ndogo maana yake kuna seli moja iliyopasuka inayowazuia wenzake wote.

Sasa weka tone moja dogo la silikoni katikati ya mgongo wa kila seli, shusha plaiwudi juu yake taratibu, acha hadi kesho, kisha pindua. Tone moja linatosha. Ukipaka seli nzima, plaiwudi ikivimba au kusinyaa itaivunja.

Hapa wengi huwa na haraka ya kufunga kioo. Subiri siku mbili. Silikoni nyingi za dukani hutoa harufu kama ya siki wakati zinakauka, na hiyo kweli ni asidi ya siki. Ukiifungia ndani itakula shaba na risasi, na baada ya miezi michache utaona viungo vina ukungu wa kijani. Harufu ikiisha, futa kioo, kilaze juu ya fremu ya mbao na uzibe ukingo wote. Toboa matundu mawili madogo upande wa chini ili unyevu upate pa kutokea, na uyafunike kwa kipande cha wavu, maana sisimizi wanapenda sana nyumba ya namna hii. Usitumie gundi ya kuchanganya makopo mawili kufunikia seli. Inageuka njano juani na kuzuia mwanga.

Pa kuiweka

Karagwe na Kyerwa ziko karibu sana na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo. Jua linapita juu ya kichwa, mwezi Juni likielemea kaskazini na Desemba kusini. Kwa hiyo upande unaotazama si jambo la kugombania. Iinamishe kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi na maji yasituame. Iinue sentimita 10 kutoka kwenye bati, kwa kuwa bati la saa nane mchana linaipika.

Kivuli ndicho adui mkubwa. Seli zimepangwa kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: mmoja akizubaa, mstari wote unasimama. Jani moja la mgomba likifunika seli mbili, hupotezi mbili kati ya kumi na nane, unapoteza karibu zote. Kibanja kikiwa kimeshonana, paneli iwe juu ya paa au uwanjani panapoanikwa kahawa, lakini si kati ya migomba. Simu yenyewe ikae kivulini, waya ndiyo ifike juani.

Jambo jingine: wingu likipita, baadhi ya simu huacha kuchaji na hazianzi tena zenyewe. Ichomoe na kuichomeka upya kabla hujailaumu paneli.

Je, inalipa?

Kwa paneli ya wati 5 au 10, ndiyo, hasa ukipata seli kwa bei nzuri na kama fundi ni wewe au kijana wako. Kwa wati 50 na kuendelea, hapana. Bei ya paneli za kiwandani imeshuka sana, na zile hudumu miaka 20 au 25 kwa sababu seli zimefungwa bila hewa chini ya kioo kigumu. Ya nyumbani ikifika miaka mitatu bila maji kuingia, umefanya kazi nzuri. Kutumia mwezi mzima kulehemu seli 36 kubwa ili uokoe pesa kidogo, kisha mvua za vuli ziingie ndani, si uchumi.

Njia ya kati ambayo wengi wanaipita ni paneli ya kiwandani iliyovunjika kioo. Mara nyingi bado ina uhai. Ipime juani. Ikitoa volti na ampea zinazokaribia maandishi ya mgongoni, ikaushe vizuri, ziba nyufa kwa silikoni angavu na uitumie.

Ukiamua kununua mpya, nenda na futi ya fundi. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya leo hutoa kama wati 200 kwenye jua kamili, au zaidi kidogo. Basi wati 50 zinataka eneo lisilopungua sentimita 50 kwa 50. Paneli ya sentimita 30 kwa 35 iliyobandikwa "50W" haiwezi kuzitoa. Hiyo ni ya wati 20, tena ikiwa nzuri. Muuzaji anaweza kubandika karatasi yoyote anayotaka, ukubwa hawezi kuubadilisha.

Betri na usalama

Paneli hii haina betri, na kwa makusudi. Bila betri hakuna kitu kinachoweza kulipuka usiku watu wamelala. Atakayetaka mwanga wa jioni aichajie taa yenye betri yake ndani, inayochajiwa kwa USB. Betri za lithiamu zilizong'olewa kwenye simu mbovu au kompyuta hazifai kuunganishwa ovyo. Zikizidishwa volti 4.2 zinavimba na kuwaka moto. Iliyokwisha kuvimba usiitoboe, itoe nje ya nyumba. Anayetumia betri ya gari au pikipiki aweke kontrola kati yake na paneli, na fyuzi karibu na betri.

Kulehemu kufanyike nje au dirishani, mbali na watoto na mbali na jiko, kwa sababu risasi ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Radi zikianza kunguruma, chomoa simu.

Kila masika na vuli zinapoisha, kagua ukingo wa silikoni. Ukiona matone ndani ya kioo, ishushe, zibua matundu ya chini, iache juani siku nzima na uzibe upya palipoachia kabla viungo havijaanza kuota kutu.