Martin na Osa Johnson: bibi na bwana waliozunguka dunia na apareyi ya picha, mpaka Ituri na Kivu

Mwaka wa 1932, watu wa miji mikubwa ya Marekani waliingia kwenye sinema wakaona pori la Ituri, wakasikia na sauti yake. Filimu ile iliitwa Congorilla. Walioitengeneza ni bibi na bwana wa jimbo la Kansas, Martin na Osa Johnson. Kwa miaka ishirini walizunguka sehemu nyingi za dunia: visiwa vya Pasifiki, Borneo, Kenya, Tanganyika, Kongo. Waliishi kwa kuuza walichokiona: filimu, vitabu, na mikutano ya kuonyesha picha kwa malipo. Picha ambayo Wamarekani wengi walibaki nayo kichwani juu ya Bambuti na juu ya gorila wa Kivu, sehemu yake kubwa ilipitia mikononi mwao.

Mashua ya Jack London

Martin alizaliwa mwaka wa 1884. Baba yake alikuwa na duka la saa na vito katika mji mdogo wa Independence, na kijana alijifunza kazi ya picha kungali mapema. Mwaka wa 1906 mwandishi Jack London alitangaza kwamba anataka kuzunguka dunia na mashua yake, Snark. Martin akaandika barua, akachukuliwa kuwa mpishi. Walitoka San Francisco mwezi wa nne 1907. Dunia hawakuizunguka: London alishikwa na magonjwa njiani, safari ikakatika Australia. Lakini Martin alirudi Kansas na picha za visiwa, akafungua jumba la kuzionyesha, na watu wakalipa. Hapo alipata biashara yake ya maisha yote.

Osa Leighty alikuwa binti wa Chanute, mji mwingine wa Kansas, aliyezaliwa mwaka wa 1894. Waliona ndoa mwezi wa tano 1910. Bibi-arusi alikuwa na miaka 16. Tangu hapo walipita mji kwa mji, Osa akiimba, Martin akieleza picha zake, wakiweka akiba pole pole. Mwaka wa 1917 ndipo walipanda meli pamoja kwa safari yao kubwa ya kwanza.

Walienda Visiwa vya Solomon na New Hebrides, nchi ambayo leo inaitwa Vanuatu. Kwenye kisiwa cha Malekula walikutana na Nagapate, chifu wa watu wa Big Nambas. Kwa hadithi yao wenyewe, walishikwa, na wakaponea tu kwa sababu meli ya kivita ya Waingereza ilitokea baharini. Filimu iliyotoka mwaka wa 1918 ilikuwa na neno “wala-watu” kwenye jina lake, na neno lile ndilo lililojaza viti. Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi ni la mwaka wa 1919: walirudi Malekula na mashine ya sinema, wakatandika kitambaa cheupe, wakawaonyesha Nagapate na watu wake sura zao wenyewe. Wengi waliopigwa picha na wasafiri wa wakati ule hawakuziona hata siku moja.

Bibi na bunduki, bwana na apareyi

Baada ya Borneo, mwaka wa 1920, walishauriwa kwenda Afrika na Carl Akeley, mtu wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Huyu Akeley ana historia na Kongo pia. Ni mmoja kati ya waliomsukuma mfalme Albert wa Wabeleji aanzishe parke ya kulinda gorila; Parke Albert, Virunga ya leo, ilitangazwa mwaka wa 1925. Akeley alifia kwenye mlima Mikeno mwezi wa 11 mwaka wa 1926, akazikwa huko huko.

Wakina Johnson walifika Nairobi mwaka wa 1921. Huko waligawana kazi namna ambayo iliwafanya wajulikane: Martin alizungusha mkono wa apareyi, Osa alisimama kando na bunduki. Tembo, kifaru ao simba akija mbio, bwana anaendelea kupiga picha, na bibi ndiye anaamua saa ya kufyatua. Osa ndiye aliwinda pia nyama ya kula kambini na kulima bustani ya mboga. Watazamaji walipenda kumwona mwanamke mdogo wa umbo mbele ya nyama mkubwa. Kitu kimoja hakikusemwa kwa sauti kwenye filimu: mara nyingi nyama wa pori alichokozwa kwanza ili akasirike vizuri mbele ya apareyi.

Tangu 1924 mpaka 1927 walikaa juu ya mlima Marsabit, kaskazini ya Kenya, kando ya ziwa dogo ambalo waliliita Ziwa la Paradiso. Pesa zilitoka kwa wafadhili matajiri, mmoja wao George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, ambaye alikuja kuwaona kambini mwaka wa 1926. Njia ya kufika ziwani walionyeshwa na Boculy, mfuata-nyayo ambaye jina lake limebaki katika vitabu vyao. Bila yeye wasingefika. Filimu ya miaka ile ilitoka mwaka wa 1928 ikiitwa Simba, kwa Kiswahili hivyo hivyo, hata kule Marekani.

Ituri: sauti inaingia kwenye filimu

Kufikia mwaka wa 1929 sinema bila sauti ilikuwa inakufa. Wakina Johnson wakarudi Afrika na mafundi na mashine nzito za kunasa sauti, safari hii wakielekea Kongo ya Wabeleji. Congorilla ilitangazwa kuwa filimu ya kwanza yenye sauti iliyochukuliwa Afrika kweli, si kwenye studio.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito, inabidi kujua filimu nyingine, Ingagi, iliyotoka mwaka wa 1930. Wenyewe walidai wameipiga Kongo, pamoja na gorila na “pigme”. Uongo mtupu. Gorila alikuwa mtu ndani ya ngozi ya bandia, na wale “pigme” walikuwa watoto weusi wa Los Angeles. Filimu ile iliingiza pesa nyingi kabla serikali ya Marekani haijaikatalia kujiita ya kweli. Ukilinganisha na hiyo, wakina Johnson walifanya kazi ya haki: walikaa kwa miezi katika pori la Ituri, na watu wanaoonekana ni Bambuti wenyewe.

Lakini kuwa pale si sawa na kuheshimu. Bambuti wana nyimbo za sauti nyingi zinazofuatana na kupokeana, muziki ambao wataalamu walikuja kuusoma kwa miaka mingi baadaye. Wakina Johnson walikuwa na mashine ya kunasa sauti mkononi, mbele ya waimbaji wale. Sehemu gani walizitilia mkazo? Gramafoni inapigwa jazi ya Marekani na Osa anacheza na Bambuti. Mtu mzima anapewa sigara kubwa, ile ya matajiri, na apareyi inamngojea ashindwe nayo. Maneno ya Martin yanayosikika juu ya picha yanawataja kama watoto wenye furaha. Watu wazima, wawindaji wanaolijua pori mti kwa mti, wamegeuzwa kichekesho cha dakika chache.

Hata hivyo filimu haitii kabisa mawazo ya waliyoipiga. Ukiondoa masikio kwenye maelezo na kuangalia nyuso, unaona watu wanaocheka mgeni sawa vile mgeni anavyowacheka. Unaona pia namna ya kuvaa, kucheza na kupiga ngoma ya miaka ya 1930. Kwa mtu wa Mambasa anayetafuta sura ya pori wakati wa mababu, kuna kitu cha kuokota mle ndani.

Watoto wawili wa Alimbongo

Sehemu ya pili ya jina Congorilla ni gorila. Kwenye milima ya Alimbongo, katika Lubero ya leo, wakina Johnson hawakuridhika na picha. Mwaka wa 1930 walikamata gorila wadogo wawili, wakawasafirisha mpaka Marekani. Mwaka wa 1931 waliuzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego. Mmoja aliitwa Ngagi, kutokana na neno la Kinyarwanda la gorila. Wa pili aliitwa Congo, kisha Mbongo, na kwa muda mrefu walidhani ni jike. Wote wawili walikuwa madume.

Waliaminiwa kuwa gorila wa milimani. Leo wanahesabiwa kuwa gorila wa Grauer, aina ambayo inaishi Kongo peke yake, ile ile ya Kahuzi-Biega. Kwenye zizi walikua wakawa wakubwa kupita kiasi, kila mmoja zaidi ya kilo 270, na watu walipanga foleni kuwaona. Hawakuwahi kuishi na gorila jike. Mbongo alikufa mwaka wa 1942, Ngagi mwaka wa 1944. Vichwa vyao vya shaba bado vinasimama kwenye bustani ile.

Ni jambo gumu kulipima. Akeley, rafiki yao, alikuwa amepigania gorila wabaki kwenye milima yao, na parke ilikuwa imeshaanzishwa kwa kazi hiyo. Wakina Johnson walijua. Wakachukua wawili, na safari ikalipwa.

Ndege mbili, na ajali moja

Walirudi Marekani wakajifunza kuendesha ndege, huko huko Chanute. Mwaka wa 1933 walifika Cape Town na avioni mbili za Sikorsky zinazoweza kutua majini, moja imepakwa mistari ya punda-milia, nyingine madoa ya twiga. Kwa karibu kilometa 96.000 walipiga picha Afrika kutoka juu: makundi ya nyama tambarareni, vilele vya Kilimanjaro na mlima Kenya. Filimu ya Baboona ilitoka mwaka wa 1935. Kisha wakaenda Borneo tena, mpaka 1936.

Tarehe 12 mwezi wa kwanza 1937, wakiwa Marekani katika ziara ya mikutano yao, avioni ya abiria waliyopanda ilianguka karibu na Burbank, California. Wamepita bahari, vifaru na magonjwa ya miaka ishirini, na ajali ikawangojea nyumbani. Martin alikufa kesho yake. Osa aliumia vibaya, lakini baada ya muda mfupi alirudia mikutano, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka ule ule alirudi Afrika Mashariki kushauri kampuni ya sinema iliyotengeneza filimu juu ya Stanley na Livingstone.

Kitabu chake, I Married Adventure, kilitoka mwaka wa 1940, kikauzwa kuliko karibu vyote vya mwaka ule Marekani. Osa alikufa New York mwezi wa kwanza 1953, akiwa na miaka 58, akazikwa Chanute pamoja na Martin. Mji ule ulifungua jumba la makumbusho kwa jina lao mwaka wa 1961. Leo liko ndani ya stesheni ya zamani ya treni, na humo wametunza picha zao, filimu zao, na vitu walivyobeba kutoka Pasifiki, Borneo na Afrika.